Chumba Namba Sita, Jengo la Valji

Barua ilisukumwa chini ya mlango wangu, lakini jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Dominiko. Mimi naitwa Twaha. Niliisoma polepole, maana elimu yangu ni darasa la nne, tena la zamani, nikairudia mara tatu nikidhani macho ndiyo yamekosea. Hayakukosea. "Ndugu Dominiko, mpangaji wa chumba namba sita, jengo la zamani la Valji, barabara kuu, Nachingwea." Na chumba namba sita ndimo nilimokuwa nimekaa kitandani, naisoma hiyo barua.

Ilikuwa mwezi wa saba mwaka 2004, watu wanapepeta ufuta. Barua ilisema jengo limepata mwenyewe mpya. Kila mpangaji afike ofisini Alhamisi ya wiki inayofuata, aeleze aliingiaje na anajua nini juu ya historia ya jengo, kwa sababu jalada la jengo halionekani. Atakayethibitishwa atabaki na chumba chake. Asiyethibitishwa, chumba chake kitahesabiwa kuwa kitupu, kitabomolewa, litajengwa ghala.

Halionekani! Jalada wamelipoteza wao, halafu tunaitwa sisi tukalitoe vichwani mwetu.

Nilikitaka chumba kile. Sisemi kilikuwa kizuri. Bati lilivuja upande wa mlango, na ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa unaopitisha mkono. Lakini humo nimekaa na mke wangu Mwanaima miaka ishirini na tatu, na humo alifia, mwaka 1998, amegeukia ukutani. Watoto hatukubahatika. Kwetu Ruponda mikorosho ya mjomba wapwa wenzangu walishagawana, mimi wakanihesabu kuwa mtu wa mjini. Sasa mtu wa mjini akitolewa mjini anakwenda wapi?

Na Dominiko aliingiaje kwenye barua yangu? Hilo nililijua, ila kulijua kwenyewe hakukunisaidia.

Dominiko ni Mmakua wa Mnero, Mkristo, na mimi ni Mmwera. Makabila yetu ni watani. Kwetu huku mtani ndiye anayeshika msiba. Anachimba kaburi, anagawa chakula, na wakati huohuo anafanya vituko mpaka waliofiwa wacheke wasitake. Anaweza kulala njiani jeneza lisipite. Anaweza kuvaa nguo za marehemu akaiga mwendo wake. Anaweza kushika kitu chochote cha nyumba ile akasema ni changu, na mfiwa hamjibu, hakasiriki. Akishamaliza matanga, mfiwa anatoa jogoo, mtani anarudisha alichokishika, na maneno yake yote yanafutika. Ndiyo desturi.

Alipokufa Mwanaima, Dominiko alikuja na baiskeli siku ileile. Alichimba kaburi na wenzake watatu. Siku ya pili akajifunga khanga ya Mwanaima, akatandika mkeka kwenye mlango wa chumba changu, akakaa kama sultani.

"Hapa hapiti mtu bila ruhusa yangu," akasema. "Nyumba hii ni yangu. Mwanaima alikuwa mke wangu wa ndoa. Huyu fundi cherehani mnayempa pole nilimwajiri tu anilindie."

Wanawake waliokuwa wanachambua mchele wakacheka mpaka wakafuta machozi mara mbili, ya msiba na ya kicheko. Mimi nilikuwa ndani na wanaume. Nilimsikia. Sikucheka.

Saa hiyohiyo pikipiki ikasimama mbele ya baraza. Kijana mmoja wa ofisi, karani, mgeni kabisa huku kwetu, katumwa kuandika wapangaji wa majengo yote ya zamani ya barabara kuu. Siku zote za mwaka zimemshinda, akaichagua ile. Akasalimia, akafungua daftari.

"Mpangaji wa chumba hiki nani?"

"Mimi," akasema Dominiko, na khanga yake kifuani.

"Jina?"

"Dominiko."

"Umeoa?"

"Nilioa. Mwanaima. Ndiye tuliyemzika jana, mwanangu, usiniulize sana."

"Pole sana, mzee." Akaandika. "Weka dole gumba hapa."

Dominiko akaweka. Nani angemkatiza mtani katikati ya kazi yake? Mimi nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni. Mfiwa hamjibu mtani. Nikafikiri kijana ataona mwenyewe, mwanamume mzima kajifunga khanga, jamani! Hakuona. Aliwasha pikipiki akaenda. Hivyo ndivyo wanavyotutawala, wanakuletea mtu asiyejua unaliaje wala unachekaje, kazi yake kuandika.

Na mimi nikaharibu zaidi. Matanga yalipokwisha Dominiko alisimama akingoja jogoo wake. Nilikuwa na hasira. Mwanaima alikufa kwa ugonjwa ambao mganga wa zahanati aliniambia una dawa, ila dawa zimekwisha, na gari la kuleta nyingine halina mafuta, na mwenye kibali cha mafuta yuko semina. Nilitaka kumpiga mtu. Aliyekuwa karibu ni Dominiko. Nikamwambia, "Toka hapa na upumbavu wako." Akaniangalia, akapanda baiskeli akaenda, khanga bado begani. Baadaye nikasikia kahamia Chunyu, Ruangwa, kafuata shamba. Miaka sita hatukuonana.

Kwa hiyo utani ule haukufungwa. Ulibaki wazi, kwenye daftari la watu.

Kesho yake baada ya barua nikapata lori lililokuwa linakwenda Chunyu kuchukua ufuta. Nikakaa juu ya magunia matupu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikifika mti fulani nasema nitamwomba kwa upole, nikifika mto fulani nasema nitamtukana. Nikafika sina hata neno moja.

Nilimkuta uwanjani kwake, anapepeta. Kazeeka. Akaniona, akaweka ungo chini.

"Klementina!" akamwita mkewe. "Njoo uone! Mlinzi wangu wa Nachingwea kaja kunieleza hali ya nyumba."

Klementina akatoka jikoni, mwanamke mnene, uso wa kuchekacheka. "Karibu, shemeji," akasema. "Na huyo mke mwenzangu, Mungu amrehemu, alikuachia maagizo gani? Maana huyu mzee hajawahi kuniambia alikuwa na mke mjini."

"Dominiko," nikasema, "soma hii."

"Miwani sina. Soma wewe, msomi wa darasa la nne."

Nikamsomea. Nikamaliza. Akachukua ungo wake akapepeta mara mbili, pumba zikanirukia machoni.

"Sasa unataka nini?"

"Uje useme ukweli. Kwamba ulikuwa unatania."

"Miaka sita, Mmwera. Jogoo mmoja kakushinda miaka sita."

"Nilikuwa na msiba."

"Na mimi je? Kaburi lilichimbwa na nani? Udongo wa Nachingwea unaujua wewe, kiangazi kama mawe. Mikono ilitoka malengelenge. Halafu unaniambia toka hapa na upumbavu wako, mbele ya watu."

Nilitaka kusema dawa, semina, mafuta. Nikaona hayo hayamhusu. Nikamgeukia Klementina. "Shemeji, una jogoo wa kuuza?"

Wote wawili wakacheka mpaka kuku wenyewe wakakimbia. "Anataka kunilipa jogoo wangu!" Dominiko akapiga kelele. "Mmwera huyu hana aibu! Muuzie, muuzie ghali!"

Nikamnunua mwekundu mmoja, nikampokea mkono wa kulia, nikamkabidhi Dominiko. Akampokea kwa mikono miwili, na hapo hakucheka. "Basi," akasema. "Nyumba nimekurudishia. Mke wako nimekurudishia. Alhamisi nitakuja kusema."

Tulimla jogoo yule siku hiyohiyo. Nikarudi Nachingwea moyo umetulia. Kumbe mtu ukitulia ndipo unapopaswa kuogopa.

Alhamisi tulikaa kwenye benchi la ofisi, wapangaji wote wa jengo la Valji, na Dominiko kaja na koti lake la kanisani. Mezani alikuwa mama mmoja, Winfrida jina lake, liliandikwa kwenye kibao, naye mgeni, wa mikoa ya mbali. Alikuwa na lile daftari la mwaka 1998. Nikalijua kwa jalada lake la kijani.

Kabla ya kuanza akasema, "Sikilizeni. Orodha hii haibadilishwi. Kilichoandikwa ndicho kilichopo. Kama mtu alidanganya wakati ule, chumba kinafutwa, na yeye atajieleza polisi. Tumeelewana?"

Tukasema tumeelewana. Dominiko akanitazama pembeni.

Wa kwanza alikuwa Mbaruku, kinyozi wa chumba namba mbili, baraza la mbele. Daftari lilikuwa na jina la kaka yake mkubwa, aliyefariki mwaka 2001. Mbaruku akaeleza vizuri tu, kwamba kaka kafa, yeye ndiye aliyebaki kwenye kile kiti cha kunyolea, na kodi anaitoa yeye.

"Kwa hiyo mpangaji amefariki," akasema mama Winfrida.

"Amefariki, mama, lakini mimi..."

"Chumba kitupu." Akapiga mstari. "Anayefuata."

Mbaruku alisimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Miaka kumi ananyoa vichwa pale, vikiwemo vichwa vya ofisi hiyohiyo. Wakamwonyesha mlango.

Dominiko akaniinamia sikioni. "Mtani, nikisema nilitania, mimi polisi na wewe nje."

"Sasa tufanyeje?"

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyeanzisha!"

"Na wewe ndiye uliyenyima jogoo. Nyamaza, nafikiri."

"Dominiko!" mama Winfrida akaita. "Chumba namba sita. Mke, Mwanaima, marehemu. Nani Dominiko?"

Nilisikia jina la mke wangu likisomwa mbele ya watu, limewekwa chini ya jina la mwingine. Dominiko akainuka nusu. Nikasema moyoni, anakwenda kusema, tumekwisha. Akanyoosha mkono akanishika bega.

"Huyu hapa, mama. Masikio yake mazito kidogo. Simama, Dominiko, unaitwa."

Nikasimama. Sijui ni miguu ya nani iliyonipeleka mezani.

Mama akanitazama kichwani. "Dominiko na kofia ya Kiislamu?"

"Alisilimu alipooa," Dominiko akajibu kutoka kwenye benchi. "Mapenzi, mama."

Watu kwenye benchi, majirani zangu wa miaka yote, wanaonijua mimi ni Twaha kama wanavyojua njia ya sokoni, wakaangalia chini wote.

"Na wewe ni nani?" mama akamuuliza.

"Mimi Twaha, mama. Mtani wake. Nimemsindikiza tu."

Nikageuka. Nilitaka kuona huyo Twaha. Nikamwona Mmakua na koti lake.

"Haya, mzee Dominiko," akasema mama, "nieleze unalijuaje jengo."

Hapo ulimi ukafunguka, maana hapo sikuhitaji kudanganya. Nikamwambia jengo lilijengwa na Mhindi aliyeitwa Valji, wakati Waingereza wanalima karanga zao huku kwa matrekta. Juu pale mbele pameandikwa 1949, lakini baba yangu alisema alibeba mawe ya msingi mwaka 1950, kwa hiyo hata jengo lenyewe halijui umri wake. Karanga hazikukubali. Waingereza wakaondoka, baadaye reli waliyoileta nayo ikang'olewa, Valji akabaki na jengo kubwa na wateja wachache. Nilianza cherehani kwenye baraza lake mwaka 1959. Alikuwa mkali, lakini ukiugua anakuja mwenyewe kukuangalia.

"Mwaka 1971 likataifishwa," mama akasema.

"Ndiyo. Tuliitwa barazani tukaambiwa jengo ni lenu wananchi. Tukapiga makofi. Valji akafunga mlango, funguo akaondoka nazo, tukavunja mlango wa jengo letu wenyewe. Likawa duka la ushirika. Mwaka 1975 nikapewa chumba cha nyuma, nilinde usiku na kushona mchana. Mwaka huohuo nikaoa. Duka lilikuwa na bidhaa, halafu likawa na foleni, halafu likawa na rafu tu. Ushirika ulipokufa wakaja wanunuzi wa korosho, wakajaza magunia mpaka darini, mwaka 1994, wakaondoka na deni la watu. Wakaja wa kuonyesha video. Kila anayekuja anapaka rangi ya mbele. Nyeupe, kijani, bluu, njano. Mimi nimekaa nyuma, nyuma hapakupakwa."

"Na jengo mali ya nani miaka yote hiyo?"

"Mama, hilo nilitaka nikuulize wewe. Nilipeleka habari ya bati linalovuja ofisi tatu. Ya kwanza ikasema jengo ni la ya pili, ya pili ikasema la ya tatu, ya tatu ikanirudisha ya kwanza. Kodi walipokea zote."

Benchi likacheka. Hata yeye midomo ilimcheza kidogo, akaandika.

"Mke wako, Mwanaima. Alifariki lini?"

Nikamwambia tarehe. Nikamwambia siku, Jumanne. Nikamwambia alikuwa anaumwa tangu Ijumaa. Sikuulizwa hayo.

"Mlikaa naye hapo muda wote?"

"Tangu siku ya harusi."

Akaweka kalamu chini, akanitazama. Nikadhani kagundua. "Inaonekana wewe kweli ndiye mwenyewe," akasema. "Wengine wanakuja hapa hata mlango unafungukia wapi hawajui."

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa hasa, na mpaka leo sijachanganukiwa. Maana kila kitu kwenye karatasi ile kilikuwa kweli. Chumba kweli, mke kweli, miaka kweli. Neno moja tu lilikuwa la uongo, na neno lenyewe ni mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mama, samahani, mimi ni Twaha. Nikawaza, nikisema hivyo, chumba kimekwenda, sawa. Lakini na karatasi je? Alisema haibadilishwi. Itabaki kabatini kwao ikisema Mwanaima binti wa watu alikuwa mke wa Dominiko wa Mnero, na Dominiko wa Mnero yupo pale kwenye benchi, hai, anakuna goti. Nikinyamaza, basi Dominiko ni mimi, na Mwanaima anabaki wangu. Nikaona heri lipotee jina langu kuliko mke wangu. Au ndivyo nilivyojidanganya kwa ajili ya bati linalovuja? Sijui. Kichwa changu kidogo, na hawa wakubwa wanatupa mambo makubwa.

"Dole gumba hapa, mzee."

Nikaweka. Dole langu likakaa pembeni ya lile la mwaka 1998. La zamani pana, la mkono wa jembe. Langu jembamba, limetobolewatobolewa na sindano. Mtoto mchanga angeona. Mama akapuliza wino ukauke, akapiga muhuri.

Nje Dominiko alinishika mkono. Hakuachia haraka. "Nilikurudishia mke kule Chunyu," akasema, "sasa sijui nimekufanyia nini."

"Hata mimi sijui."

"Ukiulizwa kanisani, sema unasali Mnero." Akataka kucheka, kicheko hakikutoka. Akapanda baiskeli.

Nilipofika jengoni wale wa mwenyewe mpya walikuwa wamekwishaanza. Kiti cha Mbaruku kilikuwa kimetolewa barabarani, na Mbaruku amekikalia, kajifunga kitambaa chake cheupe cha kunyolea kama mteja. Sikuweza kumpa pole. Ningempa pole kwa jina gani?

Nikapita nyuma. Msimamizi wao alikuwa anatembea na karatasi na chaki, kila mlango wa chumba kitupu anachora alama ya kubomoa. Cha tano akachora. Akafika kwangu, chaki tayari.

"Hiki cha nani?"

"Changu."

"Wewe nani?"

Ofisini Dominiko alisema kwa niaba yangu. Sasa hakuwepo. Kulikuwa na mimi, na mlango, na nyuma ya mlango ule ukuta alioutazama Mwanaima mwisho.

"Dominiko," nikasema.

Akatafuta kwa kidole kwenye karatasi, akaliona, akaweka tiki. "Haya, mzee Dominiko. Samahani kwa vumbi." Akakiruka chumba namba sita, akaenda kuchora cha saba.